Ukuta wa Ghala

Wageni wengine wakifika huingia sebuleni, hukaa, huitazama sakafu, husema "hongereni jamani," ndipo hupewa chai. Mke wa shemeji yake Mama Marumaru aliposhuka garini Jumamosi ile, alisalimia kwa adabu zote, akamkumbatia mama mkwe, kisha akauliza akiwa bado uani, "Ghala liko wapi?"

Mama Marumaru alikuwa na birika mkononi. Tangu alfajiri alikuwa amekwisha kupiga deki mara mbili. "Ghala gani tena, mdogo wangu?"

"La baba. Mume wangu hanipi usingizi na habari za hilo ghala."

"Ah, lile banda." Alicheka kidogo. "Lipo nyuma, karibu na zizi. Kunywa chai kwanza, banda halina miguu."

"Nitakunywa, dada. Ila jua likipanda sitaliona vizuri."

Akaenda zake na tepu ya kupimia na bunda la karatasi kwapani. Mumewe, fundi umeme wa mjini, akabeba ngazi akamfuata. Hayo yangevumilika. Lililomchoma Mama Marumaru ni kumwona mama mkwe, ambaye kwa miezi alikuwa akisema magoti hayamruhusu kuvuka bomba la maji, akiokota mkongojo wake na kwenda nao, tena kwa mwendo wa mtu anayewahi.

Jina la Mama Marumaru lilitokana na sakafu hiyohiyo aliyoipiga deki. Nyumba yake ndiyo ya kwanza pande zile kutandikwa marumaru, kuanzia barazani mpaka jikoni. Watu walianza kumwita hivyo kwa kumsengenya, naye akalivaa jina kama nguo mpya. Yeye na mumewe walikuwa wameijenga kwa maziwa ya ng'ombe: matofali ya saruji, lipu nyeupe, mabati ya buluu, madirisha mapana ya vioo. Siku walipomhamishia mama mkwe chumba cha nyuma, kulikuwa na machozi ya furaha. Machozi hayo yalikuwa ya Mama Marumaru. Mama mkwe alisema tu, "Ni pazuri," akaomba mlango uachwe wazi.

Sasa alizitoa shuka za mama mkwe kwenye beseni akaenda kuzianika. Kazi hiyo ingeweza kungoja, lakini kamba ilipita nyuma ya ghala.

Ghala lenyewe lilikuwa jengo refu, jembamba, chini kuta za mawe, juu mbao zilizopauka mpaka zikawa na rangi ya majivu. Paa lake lilishuka pande zote mbili, likatoka nje ya kuta na kufanya upenu mpana ambao kuku walikuwa wameugeuza baraza lao. Mke wa shemeji alikuwa juu ya ngazi, kiganja amekibandika ukutani kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama, hivi vibao viliwekwa mshazari makusudi?"

"Makusudi, mwanangu. Vimeinamia nje. Upepo unapanda unaingia, mvua inateremka zake. Marehemu alivichonga, mimi namshikia."

"Na huu uwazi wa juu, chini ya paa?"

"Joto litokee wapi? Mahindi yakipata joto yanaota ukungu. Na watu vilevile."

"Watu?"

Mama mkwe akacheka, kicheko ambacho Mama Marumaru hakuwahi kukisikia, chepesi, cha msichana. "Sisi tulilala humo. Tulipoanza maisha hatukuwa na nyumba, tulikuwa na ng'ombe mmoja na ghala. Ng'ombe chini, sisi na mahindi juu. Huyu mwanangu mkubwa nilimzalia hapo, kwenye kona hiyo uliyoishika."

Maneno ya vibao na mvua yalimpita Mama Marumaru kama redio ya jirani. Hili la mwisho halikumpita. Mwanangu mkubwa ni mume wake yeye. Miaka yote amemkanda mama huyu miguu, amemwogesha, amemkata kucha, ameijua kila sehemu ya mwili wake inayouma, na hajawahi kuambiwa mumewe alizaliwa wapi. Mwenye tepu hajamaliza hata saa, kaambiwa.

Shuka moja ilimponyoka ikaanguka kwenye matope ya ng'ombe. Aliitazama, akairudisha kwenye beseni.

Jioni alimsubiri mumewe amalize kukamua.

"Ulijua kwamba ulizaliwa ghalani?"

"Nani kasema?"

"Mama yako. Kamwambia Bi Ramani."

"Bi Ramani ndiye nani?"

"Huyo mke wa mdogo wako, mchora nyumba. Jina nimempa mimi leo."

Mumewe akacheka. "Nilijua, ndiyo."

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

"Wewe uliapa ghala hilo likianguka utachinja kuku. Nani angekuambia?"

Jina la Bi Ramani lilimfikia mwenyewe kabla ya wiki kwisha. Mama Marumaru alingoja anune. Bi Ramani alilipenda; akawa anajitambulisha nalo kwa mafundi kwenye simu. Hata hilo nalo liliuma.

Zilipopita Jumamosi kadhaa, Bi Ramani alikuja na michoro ya nyumba waliyokusudia kujenga upande wa pili wa shamba. Akaitandaza juu ya meza ya sebuleni, pembe zake akazikandamiza kwa vikombe vya Mama Marumaru vya kioo, vile vya wageni. Familia ikainama juu yake: ndugu wawili, mama mkwe kwenye kiti, na jirani muuza vifaranga, mwanamke ambaye hakuna jambo lililotokea kwenye ua ule asilipate kwanza.

Ilikuwa nyumba ndefu, nyembamba. Kuta za mawe mpaka kiunoni, juu yake mbao. Upenu mpana pande zote. Juu kabisa, chini ya kigongo cha paa, uwazi wa kutolea joto.

Jirani aliugeuza uso huku na huku kama kuku aliyeona mnyoo. "Mbona kama ghala?"

"Ni ghala," alisema Bi Ramani akitabasamu. "Yaani ni nyumba ya sasa, ina choo ndani, ina maji, ina jiko la gesi, lakini imejifunza kwa ghala. Baba alilielewa jua la hapa kuliko vitabu nilivyosoma mimi. Siku hizi watu tunaleta matofali, tunaziba kila mahali, tunaweka vioo, halafu tunanunua feni. Hizi nyumba za sanduku..."

Alikuwa amenyanyua mkono kuelekea ukutani, na ukuta ulikuwa wa Mama Marumaru.

"Sanduku," Mama Marumaru alirudia polepole. "Malizia tu, mdogo wangu. Hapa ni kwako."

"Dada, sikuwa na maana hiyo. Nyumba yako ni nzuri sana. Nasema tu habari za joto."

"Joto lipi? Mama, wewe unasikia joto humu?"

Mama mkwe alikuwa ameinama karibu na karatasi mpaka miwani yake inakaribia kuigusa. Labda hakusikia swali, labda alilisikia vizuri mno. Aliweka kidole kwenye chumba kimoja cha mwisho, upande wa kulikotokea jua. "Na hiki ni cha nani?"

"Ni chako, mama," alisema mwanawe mdogo. "Ukiamka unaona zizi. Ukilala unasikia upepo."

"Hiki changu." Mama mkwe akakizungushia kidole, tena na tena, kama anayefuta vumbi. "Hapa nitalala, basi."

Jirani alimtupia Mama Marumaru jicho, kisha akalipeleka haraka dirishani, jinsi watu wanavyofanya mtu akijikwaa mbele yao. "Haya," akasema, "nani anaongeza chai?" Chai haikuwa yake kuongeza.

Siku ile Mama Marumaru aliosha vikombe vyake vya kioo peke yake, akaving'arisha kwa kitambaa hata visivyotumika. Mumewe alipoingia jikoni, mkewe alimwambia bila kugeuka, "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja mwenyeji augue."

"Mama ni mtu mzima. Akitaka kukaa kwa mdogo wangu, ni kwa mwanawe vilevile."

"Sikatai. Ila niambie, nani kamnyanyua kutoka kitandani alipokuwa hawezi? Penseli?"

Mumewe alichukua kikombe akanywa maji, akakirudisha kikiwa na alama za vidole. "Unataka nifanye nini?"

"Wewe usifanye kitu," alisema. "Nitafanya mwenyewe."

Fundi seremala wa pale aliitwa Kesho, kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa akiahidi kila mteja. Kwa Mama Marumaru alikuja leo, maana alitumiwa nauli na kuahidiwa mlo. Ilikuwa asubuhi ambayo shemeji na Bi Ramani walimchukua mama mkwe kwenda mjini kupimwa macho, na mumewe alikuwa amepeleka maziwa.

"Nataka chumba cha mama kipate hewa," alimwambia. "Vunja hapa juu ya kitanda, upana huu. Uweke vibao kama vya ghala."

"Mbao nanunua wapi? Hizo za mshazari zinataka kuchongwa. Kwa wiki mbili hivi..."

"Hununui. Njoo."

Alimpeleka ghalani. Ukuta wa juu ulikuwa umegawanywa kwa fremu, kila fremu na vibao vyake, na kila moja ilikuwa imeshikwa kwa vigingi vya mti bila msumari. Fundi Kesho alipapasa kigingi, akapiga mluzi. "Mzee alikuwa na mkono. Mama, unataka nitoe hii? Ghala litabaki pengo."

"Banda hilo litabomoka lenyewe. Toa."

Fremu ilitoka nzima, nyepesi kuliko walivyodhani, na nyuma yake mwanga ukaingia hadi pembe ambazo haukuwa umezifikia tangu ghala lijengwe. Waliibeba wawili mpaka nyumbani. Ukuta wa chumba ulivunjwa, vumbi likatua juu ya marumaru, na Mama Marumaru hakujali. Kisha fremu ikasimamishwa kwenye uwazi, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakulipenda. Upande uliotazama ndani ulikuwa ule uliokuwa ndani ya ghala: mweusi kwa moshi na vumbi la mahindi, una utando wa buibui. Upande mzuri, ule uliopauka kwa jua ukawa na rangi ya majivu, ule ambao mama mkwe alikuwa akiutazama kutoka uani siku zote, ulikuwa nje, unatazama shamba la jirani.

"Igeuze," alisema.

"Kuigeuza vipi?"

"Upande wa jua uje ndani. Auone akiwa amelala."

Fundi Kesho alijikuna shingo. "Vibao vitainamia ndani, mama. Mvua..."

"Mvua iko wapi? Wewe unaona wingu? Na upenu upo."

"Upenu huu wa bati ni kiganja cha mkono. Wa ghala ulikuwa..."

"Fundi. Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi igeuze."

Akaigeuza, akaipigilia misumari, akanung'unika kwamba kweli penye miti hapana wajenzi. Mama Marumaru alifagia, akapiga deki, akatandika shuka mpya, akalala mwenyewe kitandani kujaribu. Mwanga ulikuwa ukiteremka katikati ya vibao kwa mistari, mpaka kwenye mto. Upepo ulimgusa paji la uso. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kulala chumba kile, na alishangaa jinsi kilivyokuwa kizuri sasa. Akawaza: na aje sasa huyo mwenye kuchora.

Waliporudi, mama mkwe alishuka garini, akasimama. Kutoka pale uani alikuwa akiliona ghala upande wake wote, na pengo lilikuwa katikati, jeusi, kama jino lililong'olewa. Hakuuliza. Mama Marumaru alimshika mkono akamwingiza chumbani.

"Tazama, mama. Hakuna haja ya kuhama kufuata upepo. Nimekuletea hapa."

Mama mkwe aliketi kitandani, akanyanyua macho. Alitazama vibao kwa muda. Alinyoosha mkono, ukafika kwenye kibao cha chini, akakigusa kwa ncha za vidole.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umejisumbua."

Bi Ramani alikuwa mlangoni. "Dada, imegeuzwa."

"Nini kimegeuzwa?"

"Fremu. Hii inatakiwa..."

"Mdogo wangu, kwako utachora. Hapa ni kwenye sanduku, sanduku tunalipanga wenyewe."

Bi Ramani akatoka nje, akaenda kusimama mbele ya pengo la ghala. Ule ulikuwa ukuta aliokusudia kuwaonyesha maseremala wake wakati wa kujenga, vigingi na kila kitu, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, mambo mengine hayachoreki.

Mumewe ndiye aliyepasuka, kaka yake alipoingia uani akitoka kupeleka maziwa. "Kaka, ghala ni la baba. Si lako peke yako. Mkeo anang'oaje kuta kama anachuma mboga?"

"Wakati ghala linaoza ulikuwa wapi?" alijibu mkubwa, ambaye hadi saa ile hakuwa akijua lolote kuhusu fremu, lakini hakuwa tayari kulikiri mbele ya mdogo wake. "Mabati ya juu kayabadilisha nani? Leo mnakuja na tepu, baba kawa wenu."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Na mama haendi popote."

"Mama atasema mwenyewe."

Wakamgeukia. Alikuwa ametoka amesimama kwenye mlango wa nyuma, mikono yote miwili juu ya mkongojo. Bi Ramani aligeuka kutoka ghalani. Mama Marumaru alisimama kama bibi harusi anayesubiri kusikia kama atakubaliwa.

Mama mkwe aliwatazama wanawe, akamtazama Bi Ramani, akamaliza kwa Mama Marumaru, akabaki hapo.

"Nitakaa hapa," alisema. "Kwenye chumba changu. Msigombane."

Bi Ramani aliinamisha kichwa. Wakaondoka bila kunywa chai, na Mama Marumaru alilisindikiza gari kwa macho mpaka vumbi lilipotulia. Usiku huo alilala kama mtoto aliyeshiba.

Ujenzi ulianza upande wa pili wa shamba. Mawe yalikuja, kisha mbao, kisha kenchi za paa zikapandishwa, na kila aliyepita barabarani alisimama kutazama. Muuza vifaranga alileta habari: kuna mtu kaja kupiga picha, kuna mwingine kutoka mbali anataka ramani kama ile. Mama Marumaru alisikiliza huku akipepeta mchele. "Hongera zao," akasema. "Mtu mwenyewe waliyemjengea yuko kwangu."

Mvua zikaingia.

Siku za kwanza hakuona kitu. Mama mkwe alikuwa mzima, ila akiamka mapema zaidi ya kawaida, na mlango wa chumba chake, ule aliouomba uachwe wazi miaka yote, sasa alikuwa akiufunga. Mama Marumaru alidhani ni baridi. Aliona vilevile kwamba kila jua lilipochomoza, mama mkwe alikwenda taratibu mpaka upenuni mwa ghala akiwa na kifurushi, akakaa huko asubuhi nzima. Akahisi kijicho chake cha zamani kikijinyoosha: anaenda kulikumbuka ghala, anaenda kutazama nyumba ya mwenzangu inavyopanda. Hakumfuata. Alitaka asijue.

Alasiri moja mvua ilikuja kwa mshazari, ya upepo, kutoka shamba la jirani. Mama Marumaru alikimbia kuanua nguo, na alipopita nyuma ya nyumba alisikia mlio ambao haukuwa wa mvua juu ya bati. Ulikuwa wa maji yakitiririka juu ya marumaru.

Akausukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka kona ya mbali, na bado hakikuwa mbali vya kutosha. Maji yalishuka kwenye vibao, kimoja hadi kingine, kwa utaratibu kabisa, kama ngazi, yakamwagika ndani. Chini kulikuwa na beseni la kufulia, limejaa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, godoro amelikunja na kulisimamisha ukutani, blanketi lake amelipakata kama mtoto.

"Mama."

"Funga mlango, maji yatakwenda sebuleni."

"Tangu lini?"

"Mvua ikinyesha wima haiingii sana."

"Nauliza tangu lini, mama."

"Tangu ya kwanza."

Mama Marumaru alishika beseni akataka kulitoa, likamshinda, maji yakamwagikia miguuni. Ndipo alipoelewa habari za kifurushi, na upenu, na jua. "Unaanika blanketi ghalani. Kila siku unakwenda kuanika, na miye nipo. Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuitaje?" Mama mkwe aliongea taratibu, bila hasira. "Umeung'oa ukuta wa mume wangu ukanitundikia juu ya kitanda. Upande mzuri ukaugeuzia kwangu. Nililiona hilo siku ileile, mwanangu. Mtu akipewa kitu kama hicho anasemaje kwamba kinavuja?"

"Ulijua kitavuja?"

"Nilivishika vibao hivyo vikichongwa."

"Sasa kwa nini ulisema utakaa?"

Mama mkwe alitazama vibao, maji yakishuka. "Kule walikuwa na nyumba. Na kazi zao, na picha zao. Ningesema naenda, wewe ungebaki na nini?"

Mama Marumaru alisimama na beseni miguuni. Siku ile uani alikuwa amepanda juu kama bendera, na sasa alijua ni nini kilichompandisha. Alihurumiwa. Mbele ya wote, mama mzee alimtazama usoni, akaona jinsi atakavyoumia, akamtupia ushindi kama mtu anavyomwachia mtoto anayelia kipande kikubwa. Angeweza kukaa chini akalia. Badala yake alimfunika mama mkwe blanketi lililobaki kavu, akamshika kwapa, akamhamishia chumbani kwake mwenyewe, kwenye kitanda cha ndoa, na mumewe alipofika akaambiwa atalala sebuleni, asiulize.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Alivaa mabuti ya zizini akakata shamba moja kwa moja.

Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya kuchimba msingi. Nyumba ilikuwa imeezekwa. Upenu ulikuwa mpana, ardhi chini yake kavu, kavu kabisa, mchanga umelala kama uliochekechwa. Alitafuta. Aliangalia pembe za kuta, chini ya madirisha, kwenye viungo vya kenchi, akitafuta doa moja la maji, hata la ukubwa wa sahani. Hakuliona, na roho ikamuuma upya kwa kutokuliona.

Bi Ramani alikuwa ndani na seremala wake, kilemba kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipomwona akasimama wima kama mwanafunzi. "Dada. Karibu. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Marumaru alitazama huku na huku. "Kile chumba cha mwisho. Mlikifuta?"

"Kipi?"

"Unakijua. Cha mama."

Bi Ramani alimwashiria seremala atoke. "Hatukukifuta. Tumekifanya stoo kwa sasa. Mume wangu alisema tukigeuze cha wageni, nikamwambia tungoje kidogo."

"Mngoje nini?"

"Sijui, dada. Mvua, labda."

Kwa hiyo naye alikuwa amejua. Aliiona fremu, akajua itafika siku, akanyamaza kwa kuwa alifungwa mdomo. Mama Marumaru alitaka kukasirika, akatafuta mahali pa kuishikia hasira hiyo, hakupaona.

"Inavuja," alisema. Neno lilitoka likiwa dogo. "Mama amekuwa akilala kwenye maji."

Bi Ramani aliziba mdomo kwa kiganja. Hakusema "nilikwambia." Mama Marumaru aliyangoja maneno hayo, angeyapokea hata kwa nafuu, lakini hayakuja. "Naja na fundi saa hii," alisema Bi Ramani. "Tutaigeuza, au tutairudisha ghalani tuzibe ukuta wako. Utakavyo wewe."

"Irudisheni ghalani." Alitazama upande wa kile chumba. "Na hicho chumba kitoeni mbao zenu. Mama atahamia wiki hii, msingoje rangi."

"Dada, una hakika?"

"Usiniulize tena, nitabadili mawazo." Alishika kizingiti cha dirisha, akaona kwamba kutoka pale nyumba yake inaonekana yote, nyeupe, na bati la buluu juu. "Lakini kumwogesha, naja mimi. Kila asubuhi. Kucha, mimi. Miguu, mimi. Hayo usiyaweke kwenye ramani yako."

"Sitayaweke... sitayaweka," alisema Bi Ramani, akichanganya ulimi kwa haraka ya kukubali.

"Na mlango wake usiwe na kufuli."

Walimhamisha kabla ya wiki kwisha. Mwanawe mkubwa alibeba kitanda, mdogo akabeba godoro jipya, na wake zao wakamshika mama mkwe huku na huku, wakivuka shamba lililokuwa bado na tope. Mlangoni alisimama kuvuta pumzi. Chumba kilinukia mbao mbichi. Upepo ulikuwa ukiingia juu na kutoka juu.

"Mwanangu," alisema, "panafanana."

Alikuwa amemgeukia Bi Ramani.

Mama Marumaru alikisikia kile kijicho kikimpanda tena, kilekile, hakikuwa kimepungua hata chembe. Kisha akavua mabuti, akaingia, akachukua shuka, akaanza kutandika.

"Mwinue kidogo," alimwambia Bi Ramani bila kumtazama. "Si hivyo. Mshike chini ya bega. Njoo, nikuonyeshe."